Mlango wa Nairobi kwa wanawake waliothubutu kusema

Katika vibanda vya Kawangware 56, Nairobi, sodo huuzwa moja moja. Pakiti nzima ni pesa nyingi kwa mama anayelipwa kwa siku, kwa hivyo mwenye duka huifungua na kuuza kipande kimoja kimoja, jinsi anavyopima mafuta ya kupikia na sukari. Wenyeji huita biashara hiyo kadogo. Msichana anayenunua sodo mbili leo anajua kwamba kesho kutwa atahitaji nyingine, na kwamba akikosa, huenda asiende shule.

Suala hilo hilo la sodo ndilo lililomtia mwanamke mmoja wa Kampala katika gereza la Luzira. Karibu miaka minne baadaye alipanda basi, akavuka mpaka na kuja Nairobi kuomba hifadhi.

Kisa chake kinazua swali ambalo wakazi wa Kawangware na Kibera wanalo karibu kuliko wanavyodhani. Mwanamke anapodai haki chini ya serikali inayomfunga kwa kudai, jirani wa ng'ambo ya mpaka anaweza kumfanyia nini chenye manufaa? Na je, Nairobi, iliyopokea wakimbizi wa kisiasa kwa miaka mingi, bado ni mahali pa kumpokea?

Ahadi iliyoyeyuka

Mnamo Novemba 2015, akiomba kura kaskazini mwa Uganda, Rais Yoweri Museveni aliahidi kwamba wasichana wa shule wangepewa sodo bila malipo. Februari 2017 mkewe, Janet Museveni, ambaye alikuwa Waziri wa Elimu, aliwaeleza wabunge kwamba fedha za kazi hiyo hazikuwepo.

Mwanamke huyo wa Kampala, Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alianzisha mchango wa sodo na kuanza kuzipeleka shuleni. Wakati huo huo alimwandama Rais na mkewe kwenye Facebook kwa lugha ya matusi ya wazi. Wengi waliounga mkono mchango wake waliona haya kwa maneno yake. Hata hivyo, matusi hayo hayakuwa ya kubahatisha. Katika Buganda ya miaka ya 1940, wapinzani wa ukoloni na wa machifu waliowatumikia wakoloni walivunja adabu kwa makusudi, wakijua kwamba heshima ndiyo iliyokuwa ngao ya watawala.

Nyanzi alikamatwa Aprili 7, 2017 na kukaa rumande siku 33. Novemba 2018 alirudishwa gerezani kwa sababu ya shairi aliloandika kuhusu siku ya kuzaliwa ya Museveni. Agosti 2, 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kosa la kumsumbua Rais kupitia mtandao. Mahakama Kuu ilibatilisha hukumu hiyo Februari 2020, wakati alikuwa amekwisha kutumikia sehemu kubwa ya kifungo. Mashairi aliyoyatunga Luzira yalitolewa nje na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka huo huo.

Januari 2021 aligombea kiti cha mbunge mwanamke wa Kampala, akashindwa. Kabla mwezi haujaisha alikuwa Nairobi. Alikaa Kenya karibu mwaka mmoja, kisha akaenda Ujerumani chini ya mpango wa kuwahifadhi waandishi walio uhamishoni.

> Alikamatwa kwa maneno aliyoyaandika alipokuwa akichangisha sodo za wasichana wa shule.

Ukilinganisha na Kenya, tofauti haiko katika umaskini wa wasichana. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa sodo mwaka wa 2004, na Juni 2017, miezi miwili baada ya Nyanzi kukamatwa, sheria ya elimu ilirekebishwa ili serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bure. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, ndiyo maana kipande kimoja kimoja bado kinauzwa Kawangware. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti akiwa na doa jekundu kwenye suruali nyeupe, akidai sodo za bure, akatolewa ukumbini. Hakufungwa. Hapo ndipo mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, unapokuwa na maana kwa mwanamke anayesema.

Kina mama wa Freedom Corner

Wakenya wenyewe waliwahi kuwa upande wa pili wa swali hili. Februari 28, 1992, kikundi cha kina mama wazee kilienda kwa Mkuu wa Sheria, Amos Wako, kudai watoto wao waliofungwa na serikali ya Rais Daniel arap Moi kwa sababu za kisiasa. Miongoni mwao alikuwemo Monica Wamwere, mama yake mfungwa Koigi wa Wamwere. Baada ya hapo walipiga kambi katika bustani ya Uhuru, pembeni mwa Kenyatta Avenue, wakaanza kugoma kula. Mwanaharakati Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Mahali hapo pakapata jina la Freedom Corner.

Machi 3 polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Ndipo baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya askari waliokuwa na umri wa wana wao. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mama akifanya hivyo huwa ametoa laana, wala hakuna silaha inayoizidi kwa mwanamke asiye na kitu kingine mkononi. Wanawake wa Amuru, kaskazini mwa Uganda, walifanya vivyo hivyo mwaka wa 2015 walipozozana na serikali kuhusu ardhi. Nyanzi alivua nguo Makerere mwaka wa 2016. Septemba 2024 wanawake watatu waliandamana Kampala wakiwa wamejipaka rangi mwilini bila nguo, wakipinga ufisadi bungeni, na wakapelekwa rumande.

Kina mama wa 1992 walirudi siku iliyofuata wakakuta bustani imezingirwa na polisi. Kanisa kuu la All Saints, hatua chache kutoka hapo, liliwafungulia mlango. Walikaa humo karibu mwaka mzima. Kufikia mwanzoni mwa 1993, wafungwa 51 kati ya 52 waliokuwa wakidaiwa walikuwa wameachiliwa.

> Walidai wafungwa 52. Walipoondoka kanisani, 51 walikuwa huru.

Ushindi huo ulikuwa wao, lakini hawakuupata peke yao. Tangu 1982 Wakenya waliokuwa uhamishoni London walikuwa na kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa waachiliwe, na walichapisha majina, tarehe na hali za jela. Novemba 1991 nchi wafadhili, zikikutana Paris, zilisimamisha misaada mipya kwa Kenya. Mwezi uliofuata kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kiliondolewa. Kwa hivyo kina mama walipokaa chini ya mti Uhuru Park, serikali ilikuwa tayari inajua kwamba inatazamwa. Walioko nje walishughulikia orodha na shinikizo. Walioko ndani ndio walioamua madai yawe yapi, waketi wapi na lini waondoke.

Mgawanyo huo wa kazi ni funzo kubwa kuliko yote katika historia hiyo, na mara nyingi ndilo linalosahaulika.

Msaada unaofika

Mwanamke aliyekamatwa kwa kuandamana huhitaji vitu vya kawaida sana. Huhitaji wakili kabla ya kuandikisha taarifa, pesa za dhamana, mtu wa kumpelekea chakula na sodo korokoroni, na mtu wa kukaa na watoto wake. Akiachiliwa huhitaji daktari. Akilazimika kukimbia huhitaji nauli, chumba na jirani asiyeuliza maswali mengi.

Vitu hivyo wanawake wa Kawangware na Kibera wanavijua kwa sababu ndivyo wanavyochangiana kila wiki. Chama cha akiba, mchango wa matanga na harambee ya bili ya hospitali huendeshwa kwa njia hiyo hiyo: jina la mweka hazina, namba ya M-Pesa, orodha ya waliotoa. Kampeni ya sodo ya Nyanzi ilisimama juu ya michango midogo ya namna hiyo, na hilo liliifanya iwe ngumu kuzimwa.

Fedha kubwa za mashirika zina hatari yake. Mapema 2021 Museveni aliamuru kusimamishwa kwa mfuko mkubwa wa nchi za Ulaya uliofadhili mashirika ya haki na utawala bora Uganda, akidai ulitumiwa kumhujumu. Agosti mwaka huo mashirika 54 yalisimamishwa kwa pamoja. Serikali kandamizi hupenda kumwita mwanamke anayeandamana kibaraka wa wageni, na hundi ya ng'ambo huwa ushahidi wake wa kwanza. Ni vigumu zaidi kumwita kibaraka mtu aliyetolewa dhamana na wauza mboga.

Kwa walio Nairobi ipo pia njia rasmi. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka wa 1973, hutoa msaada wa kisheria kwa maskini na kwa wakimbizi. Muungano wa watetezi wa haki nchini, Defenders Coalition, ulioanza mwaka wa 2007, huwasaidia walio hatarini kupata wakili na mahali salama. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu katika nchi ambako anaweza kuteswa. Shida ni kwamba mtu anayekimbia usiku hana karatasi, na miezi ya kusubiri uamuzi huishi mtaani kama mpangaji mwingine yeyote. Kawangware ina wakimbizi wengi wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaoishi hivyo, wengine wakitembeza vitenge nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba, mwenye duka na mzee wa mtaa huwa hifadhi yao ya kwanza, kabla ya ofisi yoyote.

Kibera na Khartoum

Kibera ina sababu yake ya kujali. Wanubi walioanzisha mtaa huo ni wazao wa askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la mkoloni, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Lugha yao ni mtoto wa Kiarabu cha Sudan.

Wanawake wa Sudan walikuwa mstari wa mbele katika maandamano yaliyomwondoa Omar al-Bashir Aprili 2019. Kwa miaka mingi kabla ya hapo walichapwa viboko chini ya sheria ya adabu ya umma. Mwaka wa 2009 mwandishi wa habari Lubna Hussein alishtakiwa Khartoum kwa kuvaa suruali. Wenzake kumi waliokamatwa naye walichapwa. Yeye alialika watu waje kusikiliza kesi yake, akatozwa faini, akakataa kulipa akaenda jela. Sheria hiyo ilifutwa Novemba 2019.

Vita vilivyoanza Aprili 2023 vilivunja karibu yote waliyoyapata, na vikaleta Wasudani wengi Nairobi. Februari 2025 serikali ya Kenya iliwaruhusu RSF, wapiganaji wanaoshutumiwa kwa ubakaji mkubwa Darfur na Khartoum, kukutana katika ukumbi wa KICC na washirika wao kutia saini mkataba wa kuunda serikali. Kwa mwanamke wa Sudan aliyekimbilia Nairobi, huko ni kukutana na aliyemfukuza sebuleni mwa mwenyeji wake. Serikali ya jeshi la Sudan ilijibu kwa kupiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, na wakulima wa majani chai wakalipia uamuzi wasioufanya.

"Safisheni kwenu kwanza"

Si wote wanaokubali kwamba Wakenya wajiingize katika mambo ya majirani.

Hoja ya kwanza ni ya serikali. Mei 2025, mawakili na wanaharakati wa Kenya waliokwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya uhaini ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu walizuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa, Martha Karua akiwa miongoni mwao. Rais Samia Suluhu Hassan aliwaonya wanaharakati wa nchi jirani wasivuruge Tanzania. Siku chache baadaye Rais William Ruto aliwaomba Watanzania radhi kama Kenya iliwakosea. Wanaotetea msimamo huo wanataja biashara, mpaka wa pamoja na maelfu ya Wakenya wanaofanya kazi ng'ambo. Si hoja ya kupuuzwa. Mkasa wa chai unaonyesha kwamba gharama ni ya kweli.

Hoja ya pili hutoka mitaani, na ina uchungu zaidi. Polisi wa Kenya waliripoti kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, alichomwa moto kwa petroli nyumbani kwake Trans Nzoia mnamo Septemba 1 mwaka huo, akafa siku nne baadaye. Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, wanawake walioandamana Nairobi kupinga mauaji hayo walirushiwa gesi ya kutoa machozi. Mama wa Kibera aliyemzika binti yake ana haki ya kuuliza kwa nini sauti zipazwe kwa ajili ya Kampala.

Lakini mambo hayo mawili hayashindani. Askari anayerusha gesi kwa wanawake wa Nairobi na yule anayewafunga wa Kampala wanajifunza kutoka kwa wenzao, na serikali zao zinashirikiana kukamata watu. Walioandamana Desemba 10 walikuwa wakimdaia haki Mganda pia.

Hoja ya tatu ni ya wanaharakati wenyewe: je, kelele za nje humsaidia aliyeko ndani, au humwongezea adhabu? Jibu hubadilika kulingana na saa. Mtu akitekwa na asijulikane alipo, saa za kwanza ni za kupiga kelele, kwa sababu mtekaji bado hajaamua atamfanya nini. Akishafikishwa mahakamani, mara nyingi familia na wakili ndio wanaojua lini kutangaza na lini kunyamaza, na aliyeko nje akisambaza jina au picha bila kuulizwa anaweza kuwaponza ndugu waliobaki. Wapo waliofanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Mlango unapovunjwa

Januari 12, 2025, mchana, Maria Sarungi Tsehai, mwanaharakati wa Tanzania aliyekuwa akiishi uhamishoni Kenya, alitekwa na watu wenye silaha mtaani Kilimani. Ni katika eneo la Chaka Place, kando ya Barabara ya Argwings Kodhek, ambayo matatu za namba 46 huipita kila siku zikienda Kawangware. Habari zilisambaa mara moja, na baada ya saa kama nne akaachiliwa gizani. Alieleza kwamba anaamini walitaka kuifungua simu yake na akaunti zake. Simu ya mtu kama yeye ina majina ya watu walioko nyumbani.

Miezi miwili kabla ya hapo, Novemba 16, 2024, mwanasiasa wa Uganda Kizza Besigye alitekwa Nairobi, na siku nne baadaye akaonekana katika mahakama ya kijeshi Kampala. Julai mwaka huo wanachama 36 wa chama cha upinzani cha Uganda, FDC, walikamatwa Kisumu na kupelekwa Uganda kushtakiwa kwa ugaidi.

> Chaka Place iko kwenye njia ya matatu za 46 ziendazo Kawangware.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Nairobi ikikoma kuwa mahali salama, mwanamke wa Kampala au Dar es Salaam anayefikiria kuandamana atakuwa amepoteza kitu alichokihesabu hata kama hakukitumia. Nyanzi alipogombea Januari 2021, mpaka wa Busia haukuwa mbali. Anayefuata atafikiria Kilimani.

Hifadhi haipimwi kwa idadi ya matamko ya kuwatetea wanawake wa nchi nyingine. Inapimwa kwa kuangalia kama mtekaji wa mtu aliyetekwa mchana katikati ya mji huchunguzwa. Hilo ni dai ambalo Mkenya anaweza kulielekeza kwa serikali yake mwenyewe bila kuvuka mpaka wowote, na ndilo lenye uzito kuliko bango lolote la kuilaani serikali ya Uganda au Tanzania.

Miezi miwili

Agather Atuhaire ni wakili na mwandishi wa habari wa Uganda. Mwaka wa 2024 alikuwa miongoni mwa waliofichua matumizi ya fedha katika Bunge la Uganda. Mei 19, 2025 alikamatwa Dar es Salaam pamoja na Mkenya Boniface Mwangi, walipokuwa wamekwenda kwenye kesi ya Lissu. Mwangi alitupwa karibu na mpaka, akapatikana Ukunda, Kwale. Atuhaire alipatikana Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, Mei 23. Juni 2, wakiwa Nairobi, wote wawili walisimulia hadharani walivyoteswa na kudhalilishwa kingono. Polisi wa Dar es Salaam walikana.

Kwa mwanamke kusema hayo mbele ya kamera, kwa jina lake, ni jambo ambalo wengi waliopitia mateso hayo hawawezi, na hawapaswi kulazimishwa. Aliyechagua kusema alihitaji daktari, wakili na ukumbi. Nairobi ilimpa.

Julai 2025 wawili hao, pamoja na mashirika ya haki, walifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu kitendo kilipofanyika au alipokijua. Baada ya hapo mlango wa mahakama hufungwa. Kwa hivyo anayempokea mwanamke aliyetoroka, awe kanisani, katika ofisi ya wakili au katika chumba cha mabati Kawangware 56, ana kazi ya kufanya wiki ile ile. Ampeleke hospitali akapimwe kabla ya kuoga, ahifadhi nguo katika mfuko wa karatasi, ikiwa alibakwa, ahakikishe fomu ya matibabu ya aliyebakwa imejazwa na kutiwa saini, na aandike tarehe, saa na majina ya mahali angali anayakumbuka.